Mheshimiwa Yamesemwa

Watu wa Boito walimpeleka Gibson Kimeli bungeni kwa sababu moja tu: alijua kunyamaza. Usicheke. Kwao hilo ni jambo zito. Kila mtaa una kokwet yake, yaani baraza la majirani, na ya akina Kimeli hukaa kwenye nyasi kando ya josho la zamani la mifugo kuamua ng'ombe wa nani kala mahindi ya nani, na ndugu yupi kasogeza mpaka. Desturi ya hapo inajulikana. Wadogo husema kwanza. Wenye hasira hufuata, kisha wale wanaopenda kusikia sauti zao wenyewe. Yule anayeheshimiwa kuliko wote hungoja mpaka wengine wakaukwe na mate. Hapo mwenyekiti humgeukia na kusema, "Sasa tusikie kutoka kwako." Akishasema, kesi imekwisha, na watu wanakwenda kukamua.

Kwa miaka mingi aliyekuwa akigeukiwa ni Kimeli. Hakuwa tajiri. Alikuwa na shamba lake la chai mteremkoni, ng'ombe wachache wa maziwa, na kofia ya sufu ambayo mkewe, Caren, alikuwa ametishia kuichoma mara nyingi. Lakini maneno yake yalikuwa machache na yalikaa. Ndugu wawili waliwahi kugombania uzio mchana kutwa, wakaitana kila jina, na Kimeli akangoja. Alipogeukiwa aliuliza tu, "Na mama yenu atapita wapi akienda mtoni?" Jioni hiyo hiyo ndugu wale waliung'oa uzio kwa mikono yao.

Basi uchaguzi ulipofika, wapinzani wake walikuja na vipaza sauti vya kupasua masikio, naye akaja na methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Wakampa kura. Hawakujiuliza kama kule Nairobi kuna mtu anayengojwa.

Mjadala wake wa kwanza ulihusu maziwa, na maziwa Kimeli aliyajua. Alikaa kwenye kiti chake chekundu, akasikiliza kila aliyesimama, akapima nani ana neno na nani ana kelele. Alipoona hoja zimeiva alijiweka sawa, akamtazama Spika, akangoja ageukiwe. Spika hakugeuka. Aliwauliza wabunge wanaokubali waseme ndiyo, wakasema ndiyo, akapiga nyundo, wakatoka. Kimeli akabaki ameduwaa kama mtu aliyefika harusini na sahani mkononi akaambiwa sufuria imekwisha kuoshwa.

Jirani yake kwenye viti vile alikuwa Mheshimiwa Mongina, mama wa kutoka upande wa Kisii, mwenye kicheko cha sokoni na akili kali.

"Mheshimiwa, ulikuwa unangoja nani?" akamuuliza.

"Nilikuwa nangoja wamalize."

"Hawa? Hawa hawamalizi mpaka siku ya mwisho." Akamwonyesha kitufe mbele yake. "Unabonyeza hiyo kitu, halafu unasimama kama mtu amekalia siafu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

Kimeli akajifunza kubonyeza. Shida ni kwamba kitufe hakibadilishi malezi. Kila alipoitwa, aliona kwamba wengine wameshayasema yote aliyokuwa nayo, na kwao mtu mwenye adabu harudii ya mwenzake. Husimama, akakiri, akaketi. Kwenye mjadala wa mbolea alisimama akasema, "Bwana Spika, yamesemwa. Naunga mkono." Kwenye mjadala wa barabara za mashambani: "Bwana Spika, yamesemwa." Kwenye ule wa walimu alijitahidi, akaongeza, "Na yamesemwa vizuri." Waandishi wa kumbukumbu za bunge waliyaandika hivyo hivyo, na yakakaa humo kwa herufi nyeusi, kumbukumbu ya mwaka mzima wa mtu mzima.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupima wabunge wanasema kiasi gani. Walipotoa ripoti yao, jina la Kimeli lilikuwa chini kabisa, pamoja na majina ya watu wagonjwa. Vijana wa soko la Merigi wakaunganisha video ya mara zote aliposimama, wakaweka mbuzi akilia katikati, ikaenea kila simu. Kuanzia hapo akawa Mheshimiwa Yamesemwa. Akipita sokoni, muuza kabichi anamwita. Akiingia kanisani, watoto wananong'ona. Hata Caren, alipomuuliza kama chumvi imetosha na yeye akanyamaza, alimwambia, "Sawa, yamesemwa." Kimeli alicheka pamoja naye. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye zizi akiwa amemshika ng'ombe shingoni, kwa sababu jambo lile lilimuuma sana na hakujua amwambie nani.

Katika mwezi huohuo mashine zikaja.

Zilikuja kwenye shamba la kampuni linalopakana na Boito, mashine za kukata majani ya chai, vijana wachache wakazishika, na kazi waliyokuwa wakifanya akina mama mia kwa vidole ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Wale mama waliishi kwenye kambi ya kampuni, na kule kambini kazi na nyumba ni pacha: moja ikifa, nyingine haiishi. Mmoja wao alikuwa Dorcus Aluoch, mjane wa Obonyo aliyekuwa akichochea moto wa kiwandani. Wazazi wake walitoka ziwani zamani kuja kuchuna majani, na yeye alizaliwa palepale kambini. Kipsigis chake, lugha ya watu wa Boito, kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa Kimeli.

Dorcus alikuja kwenye kokwet. Watu wa kambi si watu wa kokwet, lakini hawafukuzwi, huachwa wasimame pembeni. Alisimama kando ya josho tangu mwanzo, leso mabegani, akingoja. Majirani wakazungumza habari ya bomba la maji. Mwenyekiti akamgeukia Kimeli. Kimeli akasema neno lake, likapendwa, na kwa kuwa mawingu ya alasiri yalikuwa yamekaa vibaya, watu wakainuka wakikung'uta nyasi. Dorcus akanyoosha mkono.

"Mama, utasema siku nyingine," mwenyekiti akamwambia kwa upole, na akaenda zake.

Kimeli alimkuta akimsubiri barabarani.

"Mama Calvince, kuna shida?" akamuuliza, maana Calvince ni kifungua mimba wake.

"Mzee, hiyo mashine imetumaliza. Supavaisa amesema tutoe vitu kwa nyumba shule zikifungwa. Mimi nitaenda wapi? Kule ziwani niko na kaburi ya mume. Nyumba sina. Obonyo alikufa kabla hajajenga." Hakulia. Alikuwa akimtazama usoni. "Calvince anafanya mtihani mwaka ujao. Nataka tu mwaka moja. Mwaka moja nijipange."

"Kuna mswada wa wafanyakazi wa chai unakuja bungeni," Kimeli akasema. "Nitasimama."

"Utasimama useme, ama utasimama useme yamesemwa?"

Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine angekasirika. Kwa Dorcus aliinamisha kichwa tu. "Nitasema, mama," akajibu.

Mongina alimsaidia kuandaa marekebisho yake. Yalikuwa mafupi, kama yeye: mfanyakazi aliyeondolewa na mashine asitolewe nyumbani kwake mpaka mwaka upite. Mongina akamweleza kanuni, polepole, akizisisitiza kwa kidole mezani. Siku ya kupitia mswada, mwenyekiti wa kikao cha bunge anasoma kifungu kimoja baada ya kingine. Akifika kwenye kifungu cha nyumba ataita jina la Kimeli kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuwasilisha. Akisimama na kuyasema, yatapigiwa kura. Asiposimama, yamekufa. Na kama marekebisho ya mwingine kwenye kifungu hichohicho yatapita kabla yake, basi ya kwake hayatasomwa hata kidogo.

Na huyo mwingine alikuwepo. Alikuwa Mheshimiwa Mathew, mbunge wa eneo jirani, mtu wa suti nzuri na marafiki wengi kwenye kampuni. Marekebisho yake yalisema suala la nyumba liachiwe makubaliano kati ya mwajiri na mfanyakazi. Ukiyasoma haraka ni maneno matamu. Ukiyasoma taratibu, unaona ni Dorcus peke yake mbele ya meza ya kampuni, akiambiwa akubaliane.

Lakini Mathew alikuwa pia rika la Kimeli. Walitahiriwa msimu mmoja na kukaa jandoni kibanda kimoja, na tangu hapo kila mmoja alimwita mwenzake bakule, neno la waliotoka huko pamoja. Kimeli alipougua homa kule kibandani, Mathew ndiye aliyemfunika kwa blanketi lake na yeye mwenyewe akatetemeka hadi asubuhi. Kwao mtu aweza kumkatalia chifu, akamkatalia hata mchungaji. Rika hakataliwi.

Asubuhi ya mjadala Mathew alimfuata kwenye mkahawa wa bunge, akamwagiza chai, akavuta kiti karibu.

"Bakule, nina ombi dogo," akasema. "Leo ukiitwa, nipishe kwanza. Mimi nifungue, wewe ufunge. Wewe ni mzee wetu. Si vizuri usemeseme mbele kama kijana."

Niseme ukweli: Kimeli alifurahi. Mwaka mzima alikuwa amekaa kwenye nyumba ile akichekwa, na hakuna aliyewahi kumpa neno la mwisho. Sasa rika lake alikuwa amemkumbuka. Kifua kikajaa, na kabla kichwa hakijafanya kazi yake mdomo ukasema, "Haya, bakule."

Mathew akampa mkono, akaondoka.

Mongina alipoambiwa, aliweka kikombe chini kikagonga sahani. "Umemwambia haya? Mzee, si nilikueleza? Yake ikipita yako imekufa. Amekujua, huyo. Amekuwekea mtego kwa heshima yako mwenyewe."

Kimeli akasukuma kiti nyuma. Akainuka kumtafuta Mathew aondoe neno lake, akapita korido moja, akarudi nyingine, na kengele ya kuwaita wabunge ikalia. Alimwona Mathew akiwa tayari ndani, akicheka na watu wa upande wake.

Juu, kwenye roshani ya wageni, walikuwa wamejaa akina mama wa kambi. Walikuwa wamekuja kwa basi la kukodi, wamevaa nguo za kanisani. Kimeli hakuthubutu kuwatazama.

Mwenyekiti akaanza kusoma. Vifungu visivyo na ubishi vilipita mbiombio, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila kimoja kilimsogeza Kimeli karibu na kile asichokitaka. Jasho lilimteremka chini ya kola. Aliyapima mambo yake mawili akaona yote ni maovu. Akisimama, amevunja neno alilompa rika kwa mkono, mbele ya nchi nzima, na nyumbani televisheni zilikuwa zimewashwa. Asiposimama, mama aliyeahidiwa angefungasha vyombo. Aliomba mvua ing'oe paa. Aliomba mwenyekiti augue.

"Mheshimiwa Kimeli."

Kitini pake, Mathew alikuwa ameshainuka nusu, anafunga kifungo cha koti, akitabasamu. Ilibaki Kimeli aseme tu nampisha.

"Mheshimiwa Kimeli, unaleta marekebisho yako ama unayaacha?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Viti vya roshani vilikuwa vimejaa, na Dorcus alikuwa amekosa nafasi. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, leso mabegani, kama alivyosimama siku ile kando ya josho, na askari wa bunge alikuwa akimwashiria arudi nyuma. Kimeli akaikumbuka siku hiyo yote. Akakumbuka kwamba siku ile Dorcus naye alisubiri awe wa mwisho, na waliomaliza baraza kabla hajafungua kinywa walikuwa wao, na neno lililofunga lilikuwa la Kimeli mwenyewe. Kumbe mwisho una watu wawili: anayengojwa, na anayesahauliwa. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akimjua wa kwanza tu. Aibu ikampanda, ikawa kubwa kuliko woga.

Akasimama.

"Bwana Mwenyekiti," akasema kabla ya kubonyeza kitufe. Akaanza upya. "Bwana Mwenyekiti, kwetu mtu mzima husema mwisho. Na leo asubuhi nimemuahidi rika yangu nitampisha. Nimempa mkono. Naomba anisamehe, simpishi."

Minong'ono ikapita. B zake na p zake zilikuwa zikibadilishana nafasi mdomoni, kama kawaida yake akiwa na wasiwasi, na kijana mmoja upande wa pili akacheka. Kimeli hakumngoja amalize.

"Iko mama huko kwetu amechuna chai mpaka vidole imekuwa nyeusi. Mashine ni ya kampuni, sawa. Shamba ni ya kampuni. Nyumba pia ni ya kampuni. Lakini huyo mama ni wetu, na mtoto wake ni wetu. Tunaambiwa wakubaliane. Mtu hana kazi, hana nyumba, hana shamba, atakubaliana na nini? Mpeni mwaka moja. Hiyo tu. Hii haijasemwa na mtu hapa, kwa hivyo nimesema mimi."

Akaketi. Mathew alikuwa amesimama wima.

"Bwana Mwenyekiti, Mheshimiwa alikuwa ameniachia nafasi. Amekiri mwenyewe."

"Hapa hatuachiani, Mheshimiwa. Keti." Mwenyekiti akageukia ukumbi. "Wanaokubali waseme ndiyo."

Ndiyo ilikuja, na ya Mongina ilisikika peke yake, kubwa na ndefu. "Wanaokataa waseme la." La nayo ikaja, nzito, ikagonga kuta. Mwenyekiti akazipima. Kimeli alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wanaokubali wameshinda."

Roshani haikupiga kelele, kwa kuwa wageni hawaruhusiwi. Alipoangalia juu alimwona Dorcus amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika.

Alimfikia Mathew mlangoni. "Bakule," akasema.

"Usiniite hivyo tena," Mathew akajibu, na akampita bila kumpa mkono.

Kabla ya Krismasi mswada ulikuwa sheria, na akina mama wa kambi hawakutoa vyombo. Ungedhani Boito wangemchinjia mtu wao ng'ombe. Vijana walifuta video ya mbuzi, ni kweli, na muuza kabichi akamwongezea moja ya bure. Lakini rika ni rika. Kila nyumba ilikuwa imemwona akikana mkono wake mwenyewe, na waliotahiriwa naye hawakuhitaji kikao kuamua. Walipokutana naye njiani walimsalimu kama mtu anayesalimu gari la serikali. Caren alimwambia watazoea. Kimeli alijua kwamba yeye mwenyewe, kama angekuwa wao, asingezoea upesi.

Kokwet ilipokaa tena, alikwenda na kofia yake ya sufu, akaketi mahali pake pa siku zote. Rika lake waliketi upande mwingine, wakaacha nyasi tupu kati yao naye. Kesi ilikuwa ya ng'ombe waliokanyaga michai michanga. Wadogo wakasema. Wenye hasira wakafuata. Kimeli akasikiliza kila neno, akapima, na jibu likamwiva kichwani, fupi na zuri. Mwenyekiti akageuza shingo. Macho yake yakamfikia Kimeli, yakampita, yakatua kwa mzee Kipsang, mwalimu mstaafu.

"Sasa tusikie kutoka kwako, mwalimu."

Kipsang alisema mengi, na hayakuwa mabaya. Kimeli aliinamia mikono yake. Alikuwa amejiandaa kwa mengi tangu siku ile, ila si kwa hili. Watu wakaanza kuinuka, wakikung'uta nyasi.

"Mwenyekiti."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka pembeni, kando ya josho. Wakageuka. Dorcus Aluoch alikuwa amesogea hatua moja mbele ya pale ambapo watu wa kambi husimama.

"Mwenyekiti, mzee Kimeli hajasema."

Hakuna aliyeketi, na hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti alitazama mawingu. Rika la Kimeli walitazama viatu vyao. Kimeli akainua uso, na alikuwa na maneno, Mungu anajua alikuwa nayo, ya mwaka mzima na zaidi. Nyuma ya Dorcus, ng'ambo ya chai, moshi wa jioni ulikuwa ukitoka kambini, nyumba baada ya nyumba, watu wakipika.

"Yamesemwa, mama," akasema, akavaa kofia yake, akaenda kukamua.